Namba ya Rosella

Kila Jumamosi Virgil Stammen aliliosha gari lake kuanzia paa hadi rimu, lakini kioo kimoja hakukigusa. Kilikuwa kioo cha nyuma upande wa dereva, na juu yake paliandikwa kwa kiwi nyeupe ya viatu: 13.90. Sifuri ilikuwa imeanza kubanduka, na ile tisa ilikuwa na mkia mrefu kwa sababu aliyeiandika alikuwa na haraka. Aliyeiandika ni mke wake Rosella, Septemba ya mwaka 2003. Januari iliyofuata kiharusi kilimchukua akiwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini, naye Virgil akalifunika gari kwa turubai, namba ile ikiwa bado kiooni.

Gari lenyewe ni Plymouth Belvedere ya mwaka 1965, rangi ya siagi, na kwa hiyo mji wote wa Osterholt unaliita Siagi. Ukipita pale Ohio ukataja jina la Virgil, huenda mtu akafikiri kidogo. Ukitaja Siagi, utaonyeshwa nyumba hadi mlangoni.

Mbio za uwanja wa Beaver Fork, kwa asiyezijua, ni kama za wendawazimu. Magari mawili yanasimama sambamba kwenye lami iliyonyooka, robo maili kamili, taa zinashuka kutoka njano hadi kijani, na hao wanaondoka. Lakini anayefika wa kwanza si lazima awe mshindi. Kabla ya mbio kila dereva anaandika kiooni muda ambao gari lake litatumia. Mwenye gari la polepole anatangulizwa kwa tofauti ya namba hizo mbili, kwa hiyo wote wakitimiza walichoandika watafika pamoja. Na ukitumia muda mfupi kuliko ulioandika, hata kwa kufumba na kufumbua, umeshindwa hapo hapo. Mwenye kasi hana lake pale. Anatafutwa mtu anayelijua gari lake.

Na hakuna aliyelijua gari lake kama Virgil. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na hivyo ndivyo alivyoambiwa na watu kwa muda mrefu mno kiasi cha kuanza kuudhi.

Ukweli ni kwamba yeye hakuwa dereva. Dereva alikuwa Rosella, aliyeendesha basi la shule kwa miaka ishirini na sita, kikombe cha kahawa kisicho na kifuniko kikiwa juu ya dashibodi, na hakuwahi kumwaga tone. Virgil alikuwa fundi. Mwaka 1985 karakana ya matrekta aliyofanyia kazi tangu ujana ilifungwa, akakaa jikoni wiki tatu akitazama dirisha, ndevu hanyoi. Kisha siku moja akainuka, akaenda bandani, akabadili kabureta ya Siagi. Jumapili iliyofuata Rosella akalipeleka uwanjani, na tangu siku hiyo gari lililokuwa na tabia za mtoto aliyedekezwa likawa kama saa. Rosella alikuwa akirudi kwa njia ya pembeni, anachukua karatasi ya muda kwenye kibanda, anaisoma akiwa bado dirishani:

"Kumi na tatu tisini na moja, Virg. Kama saa!"

Virgil aliandika namba hiyo kwenye daftari, karatasi akaitupia kwenye kopo la kahawa. Misimu kumi na tisa ikapita hivyo. Watu wakasikia, wakaanza kumletea injini zao kutoka wilaya nne: "Nitengenezee iende kama Siagi." Karakana haikufunguliwa tena, wala yeye hakuihitaji. Alikuwa na banda lake, na alikuwa na jina.

Baada ya Rosella kufa, Siagi lilikaa chini ya turubai miaka saba. Aliyelitoa ni Norb Heitkamp, mfugaji wa nguruwe, ambaye yeye na Virgil walihudumu pamoja altareni wangali wadogo, na ambaye anashindana kwa Ford Falcon ya buluu isiyomtisha mtu. Novemba moja aliingia bandani bila hodi, akavuta turubai, akachungulia ndani ya gari.

"Panya wa humu wana kitanda kizuri kuliko chako."

"Rudisha turubai, Norb."

"Sirudishi. Ninyi wawili mtaoza pamoja, wewe na gari. Alhamisi nakuja na soseji."

Akaja, na wengine watano nyuma yake, na kila Alhamisi ya majira yale ya baridi waliwasha jiko la kuni, wakachoma soseji, wakabishana, na katikati ya ubishi kazi ikaenda. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukikaa unaona ardhi. Wakaikata, wakachomelea bati jipya. Injini ikafunguliwa, ikapewa ringi na gasketi mpya. Breki zikafanywa upya. Viti vikashonwa na mke wa Norb, aliyelalamika kila mshono na bado akavishona kwa ustadi.

Siku moja Virgil alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, akivuta nyaya alizozipitisha yeye mwenyewe zamani. Kidole chake kikagusa swichi ndogo, imefichwa nyuma ya ukingo.

"Norb! Hii swichi ya nini?"

"Swichi gani?"

"Hii hapa. Mimi sikuiweka."

"Labda ya redio."

"Redio iko upande huu, bwana."

"Basi mimi sijui, ndugu yangu. Mimi mtu wa nguruwe." Na Norb akashughulika sana na soseji ambayo ilikuwa imeiva zamani.

Virgil akaufuata waya. Ulikwenda nyuma, kwenye taa za breki. Ukibonyeza swichi, unakanyaga breki na taa haziwaki. Alikuna kichwa, akaona ni jambo la ajabu, lakini palikuwa na kazi nyingi na giza la Desemba linaingia mapema, akaiacha swichi mahali pake.

Mwezi wa Mei Siagi likatoka nje, liking'aa, namba ya Rosella kiooni. Virgil mwenyewe akakaa kwenye usukani. Taa ikawa kijani, akakanyaga mafuta, na gari likaenda. Akapewa karatasi: 13.61.

Amekwenda haraka mno. Ameshindwa.

Jumapili iliyofuata, 13.74. Nyingine, 13.55. Siku ya joto kali, 13.82. Kila mara ameshindwa, na kila mara kwa kiasi tofauti, jambo lililomtesa zaidi. Alifungua kabureta mara nne. Akabadili plagi, akabadili waya za plagi, akarudisha plagi za kwanza. Wenzake wakamtania kwa jinsi wanavyotania mtu wanayempenda.

"Virgil, futa hiyo namba! Andika 13.50 ushinde, tuone na wewe ukinunua bia!"

"Gari hili ni la 13.90."

"Gari limekuambia?"

"Limeniambia misimu kumi na tisa."

Hapo wakatazama viatu vyao. Virgil alidhani wanainama kwa heshima ya marehemu.

Kundi zima lilikuwa limekubaliana kwamba Jumapili ya mwisho ya Septemba, inayofunga msimu, itaitwa Siku ya Rosella. Virgil akajiwekea moyoni kwamba siku hiyo Siagi lipite kwa 13.90, hata mara moja tu. Lisipopita, basi mikono yake imekwisha, na fundi aliyeishiwa mikono aseme mapema kabla hajaharibu mali ya watu. Alikuwa na miaka sabini na moja. Wala hakungoja Septemba iishe. Dale Bruns alipomletea injini ya pikapu yake ya zamani, Virgil alimkataza hata kuishusha.

"Peleka kwingine, Dale. La kwangu limenishinda, la kwako nitaliwezaje?"

Dale alisimama pale akizungusha funguo kidoleni, akawasha gari, akaondoka na injini yake. Mteja aliyefuata naye akajibiwa vivyo hivyo. Habari zikamfikia Norb, na Norb, ambaye alikuwa ameapa kutosema, aliona kiapo chake sasa kinamuua rafiki yake taratibu.

Alikuja Jumatano asubuhi, amevaa shati la kanisani, jambo lililomtia Virgil wasiwasi.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaa."

"Sikai. Sema."

"Injini yako haina ubaya wowote, Virgil. Acha kuifungua."

"Inabadilika kila wiki!"

"Kila injini inabadilika. Kukiwa na baridi inakimbia, joto linaichosha. Yangu inabadilika. Ya kila mtu inabadilika." Norb akavua kofia. "Hiyo yako haijawahi kwenda kama saa. Hata siku moja. Saa alikuwa Rosella."

Virgil alishika spana bila kujua anaishika.

"Alikuwa akikaribia mwisho anakanyaga breki," Norb akasema. "Kidogo, au sana, kadiri gari lilivyoamka siku hiyo. Mimi nilikuwa nashindana naye sambamba, niliona boneti inainama. Nikamuuliza. Akasema, mwaka ule karakana imefungwa, umebadilisha kabureta, umesimama pale kwenye taa kama mtu anayengoja hukumu. Gari likaenda ovyo vilevile. Akaona hawezi kurudi na kukupa karatasi mbaya. Akakanyaga. Basi. Halafu ukafurahi mno, akashindwa kuacha."

"Na swichi?"

"Niliiweka mimi. Wewe ulikuwa unasimama nyuma, ungeona taa nyekundu."

"Miaka yote hiyo," Virgil akasema. "Umekula mezani kwangu miaka yote hiyo."

"Nimekula."

"Toka bandani kwangu, Norb."

Norb akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Karatasi zake unazo kwenye kopo. Zisome. Mistari yote, si ule mmoja."

Virgil alikaa na kopo mezani jikoni mchana kutwa. Karatasi ya muda ina mistari mingi: umetumia muda gani kufika nusu ya njia, muda wa mwisho, na kasi yako wakati unavuka. Yeye, fundi wa wilaya nne, misimu kumi na tisa, alikuwa anasomewa mstari mmoja dirishani na hasomi mingine. Sasa akasoma. Nusu ya njia: 8.61. Nyingine: 8.83. Nyingine: 8.70. Injini iliyokuwa inafanya itakavyo, sawasawa na mwaka huu. Na chini, muda wa mwisho: 13.91. 13.90. 13.92. Kasi ya kuvuka, maili themanini na nne kwa saa, tisini na tano, themanini na nane. Gari linalofika nusu kwa 8.61 linapaswa kuvuka kwa maili mia moja. Jumapili za baridi alikanyaga breki sana. Jumapili za joto alikanyaga kidogo. Yote yalikuwa yameandikwa, na kopo lilikuwa juu ya friji.

Kwanza alikasirika. Alikasirika kweli, akasimama, akakiambia kiti cha Rosella kilichokuwa kitupu, "Umenifanya mjinga mbele ya watu!" Kiti hakikujibu, na hilo likamwudhi zaidi, kwa kuwa Rosella angejibu na angejibu vizuri. Halafu akatazama lile dirisha alilolitazama wiki tatu mwaka ule, akakumbuka jinsi alivyokuwa, na jinsi Rosella alivyorudi siku ile ya Jumapili na karatasi mkononi, akicheka, na yeye akanyoa ndevu jioni ile ile. Akalia. Alilia mpaka akaona aibu mbele ya paka wao.

Jumapili ya Rosella jua lilikuwa kali na hewa kavu, mahindi yamekauka pande zote za uwanja. Marlys, mama anayetangaza mbio kutoka mnarani tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alisoma jina la marehemu kwenye kipaza sauti, na watu wakavua kofia. Virgil na Norb walikuwa hawajasemezana tangu Jumatano. Namba kiooni: 13.90.

Raundi ya kwanza Virgil alipangwa na daktari wa meno mwenye Mustang nyekundu. Kabla ya kusogea kwenye taa alinyoosha mkono chini ya dashibodi, akabonyeza swichi. Haikuwa na maana yoyote, hakuna aliyebaki wa kufichwa, lakini aliibonyeza. Wakaondoka. Alipoona ubao wa alama ulio karibu na mwisho akakanyaga breki, na papo hapo akajua amekanyaga mapema na kwa mguu wa mkulima. 14.22. Aibu tupu. Ila daktari alikuwa ameondoka kabla ya kijani kuwaka, akatolewa, na Virgil akasonga mbele kwa bahati ya mjinga.

Raundi ya pili akapangwa na Norb.

Falcon iliandikwa 15.10, kwa hiyo Norb alitangulia, na Virgil akaitazama ile buluu ikiondoka huku yeye amefungwa na taa zake. Kisha kijani. Siagi likainua pua. Akaingiza gia ya pili, akaingiza ya tatu, akaanza kuila ile nafasi kidogo kidogo. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Alijaribu kusikiliza kwa makalio, kwa mikono, kwa chochote ambacho Rosella alisikilizia. Falcon ikawa ubavuni. Ubao huo. Bado. Bado. Sasa! Akakanyaga, boneti ikainama, akaachia, wakavuka, Siagi likiwa mbele kwa nusu ya boneti.

Kwenye kibanda alipokea karatasi. 13.87.

Ameshindwa kwa sehemu tatu za sehemu mia za sekunde. Alisimamisha gari kando ya njia akaisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Falcon ikaja ikasimama nyuma yake. Norb akashuka, akasimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama mbwa anauma.

"Ngapi?"

"Themanini na saba."

"Karibu sana, mzee."

"Norb, alikuwa anafanyaje?" Virgil akamwonyesha karatasi. "Mimi nimejaribu kwa nguvu zangu zote nimekosea mara mbili. Yeye alifanya hivi misimu kumi na tisa."

"Na baada ya hapo anakwenda kuosha basi."

Virgil akacheka, halafu kicheko kikamgeukia, Norb akasogea akamshika bega.

Baada ya raundi zote watu walikusanyika chini ya mnara, kwenye meza za pai na kahawa, na Marlys akamwita Virgil aseme maneno mawili kuhusu mkewe. Alikuwa ameandika maneno kwenye kikaratasi. Akakirudisha mfukoni.

"Mnajua injini ya Siagi ilivyokuwa," akaanza. "Mnajua mlivyoniletea injini zenu kwa sababu yake. Basi leo nawaambia, haikuwa injini. Alikuwa Rosella, anakanyaga breki. Mimi sikujua. Nimejua Jumatano. Lile jina mlilonipa lilikuwa lake, na aliyeniletea kazi kwa jina hilo nimekula pesa zake bure. Naomba radhi."

Kisha kipaza sauti kikakohoa huko juu.

"Virgil, mpenzi wangu," ilikuwa sauti ya Marlys, "sisi huku mnarani tuna mashine inayoandika kila kitu. Tunajua tangu mwaka themanini na sita."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akadakia, na kumbe hakuna hata mmoja pale aliyekuwa anashangaa. Virgil aliwatazama, uso baada ya uso, watu aliowafahamu maisha yake yote.

"Wote?"

"Wote," akasema Norb. "Hata padri."

"Na injini zenu mlikuwa mnaniletea za nini?"

Alijibu Dale Bruns, kutoka nyuma, mdomo umejaa pai.

"Kwa sababu zikitoka kwako haziharibiki, wewe mzee! Nani alitaka saa? Na yangu bado iko nyuma ya pikapu yangu mpya pale, nimezunguka nayo wiki tatu, mke wangu anauliza kama nataka kuihamia."

Virgil alifuta macho kwa kitambaa kilichonuka petroli, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo.

"Ilete kesho," akasema. "Mapema. Kabla sijanywa kahawa."